Kutoka Kipande hadi Jitabu: Neno "Tome" mbele ya Kiswahili na Kikamba

Tukimwuliza mwanafunzi aliyesomea Kikima, juu ya milima ya Mbooni katika Makueni, maana ya neno la Kiingereza "tome", atatujibu kwamba ni kitabu kikubwa na kizito. Tukimwuliza mwenziwe aliyesoma kwa Kifaransa huko Bukavu au Lubumbashi, atatujibu kwamba "tome" ni juzuu, yaani sehemu moja ya kitabu kilichogawanywa. Wote wawili watakuwa wamesema kweli, kila mmoja kwa lugha aliyofundishwa. Lakini pindi wakikaa meza moja kuliandika neno hilo kwa Kiswahili, hapana budi mmoja wao atapotosha maana. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi tofauti hiyo ilivyozuka, na kupima ni neno gani la Kiswahili lafaa kushika mahali pake.

Asili ya neno ni Kiyunani, "tomos", lenye maana ya kipande kilichokatwa. Mzizi wake ni ule ule wa kitenzi cha kukata, ambao umetupatia pia neno atomi, yaani kitu kilichodhaniwa kuwa hakikatiki. Kwa watu wa kale "tomos" ilikuwa sehemu ya andiko refu lililogawanywa ili lishikike mkononi. Kilatini kilipokea neno hilo, kikalipa Kifaransa, na Kiingereza kikalichukua mnamo karne ya 16. Mwanzoni Waingereza nao walilitumia kwa maana ya juzuu. Kisha, kwa kuwa vitabu vilivyohitaji kugawanywa hivyo vilikuwa vitabu vya elimu nzito, sifa ya kitabu kizima ilikihamia kipande chake. Hivyo neno lililoanza na maana ya kipande likaishia kutaja kitu kilichozidi kiasi. Kifaransa hakikufuata njia hiyo, nacho hadi leo huandika "tome" ya kwanza na ya pili pasipo kujali kama kitabu ni chembamba au kinene.

Yafaa tuongeze kwamba katika Kiingereza cha sasa "tome" haitaji ukubwa tu. Mfanyabiashara wa vitabu hamwambii mnunuzi kwamba anazo "tome" tatu za hisabati. Neno hili lina rangi ya msemaji: ama anastahi elimu iliyomo, ama anachoka kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza, ama anamfanyia mwandishi mzaha wa chini chini. Mara nyingi hufuatana na sifa za uzito, vumbi na ukale. Mhakiki akiandika kwamba fulani ametoa "tome", msomaji hulazimika kutafuta katika sentensi nyingine kama hiyo ni sifa au lawama. Kwa maoni yetu, ugumu wa tafsiri umo hapa zaidi kuliko katika ukubwa wenyewe.

Tuanze na juzuu, kwa kuwa ndilo linalomvutia mtu anayetazama asili tu. Neno hili la Kiarabu nalo maana yake ni sehemu, na Kurani imegawanywa katika juzuu 30. Mtoto wa chuoni katika pwani yetu huanza na Juzuu Amma, ile ya mwisho, ambayo huchapwa peke yake kama kijitabu chembamba. Basi juzuu na "tome" zimezaliwa na wazo moja, ila juzuu imebaki palepale. Majarida ya vyuo vikuu huitumia kuhesabu matoleo, hata toleo likiwa na kurasa chache. Kumwandikia msomaji wa Kiswahili "juzuu" mahali ambapo Mwingereza amesema "tome" ni kumnyima lile lililokusudiwa, yaani uzito. Kinyume chake, aliyetafsiri kutoka Kifaransa akaandika "jitabu la pili" amebuni dhihaka ambayo mwandishi hakuitia.

Kiswahili kina njia yake ya kutaja kilichozidi, nayo ni ngeli. Mtu akikua kupita kiasi huwa jitu. Mtoto huwa toto au jitoto. Kitabu nacho, ingawa ni neno la Kiarabu ambalo silabi yake ya kwanza haikuwa kiambishi hata kidogo, kilipokelewa katika ngeli ya ki- na vi-, tukapata vitabu, na kutoka hapo jitabu na majitabu. Angeweza mtu kutazamia "tabu" tu, kama kikapu kinavyotoa kapu, lakini tabu tunayo tayari kwa maana nyingine, na pengine wako wanafunzi watakaosema kwamba maana hizo mbili hazipishani sana. Jambo la kuangaliwa ni kwamba ukuzaji wa namna hii hauji mtupu. Jitabu hubeba mshangao, na mara nyingi kero au dharau. Kwa hiyo lafaa sana pale ambapo "tome" imesemwa kwa kuchoka au kwa mzaha, na halifai kabisa pale iliposemwa kwa heshima. Hapana Mwislamu atakayeuita msahafu jitabu, hata uwe na ukubwa wa kuhitaji watu wawili kuubeba.

Turudi Kikima. Kwa Kikamba kitabu ni ĩvuku, wingi mavuku, neno lililotokana na "book" ya Kiingereza. Sauti b, ambayo katika Kikamba haisimami bila m mbele yake, imegeuka v, kama vile Biblia ilivyogeuka Mbivilia. Ĩvuku haina ukubwa wowote ndani yake, na anayetaka kuutaja husema ĩvuku ĩnene. Kudunisha ni kazi ya ka-: kavuku ni kijitabu. Lakini kĩ-, mbali na kuwa kiambishi cha kawaida cha majina mengi, katika Kikamba hukuza, pengine kwa dharau: mũndũ ni mtu, na kĩmũndũ ni jitu. Hapo ndipo lugha hizi mbili jirani zinapopeana mgongo, maana ki- ya Kiswahili hudunisha. Mwalimu anayefundisha Kiswahili katika Ukamba akisema tu kwamba ki- ni ya udogo, anampa mwanafunzi kanuni inayopingana na alichonyonya kwa mamaye, tena isiyomsaidia kulielewa neno kitabu, ambalo si dogo wala kubwa. Afadhali amwonyeshe kitabu, kijitabu na jitabu kwa pamoja.

Historia ya maandishi ya Kikamba yenyewe inatoa mfano mzuri. Kitabu cha kwanza kuchapwa kwa lugha hiyo kilikuwa Injili ya Marko iliyotafsiriwa na Krapf, ikachapwa Tübingen mwaka 1850: kavuku kwa kila kipimo. Biblia nzima ilitoka mwaka 1956. Hiyo ni ĩvuku ĩnene, na Mwingereza akipenda ataiita "tome". Lakini mfasiri atakayeiita jitabu atawaudhi waumini wa Mbooni bila sababu.

Liko neno buku, ambalo wengi hulipendekeza. Ni kweli kwamba limetumika kwa kitabu kikubwa, hasa cha hesabu au cha orodha. Hata hivyo matumizi yake hayana utulivu. Katika Kongo buku ni kitabu chochote. Tanzania vijana huliita hivyo noti ya shilingi 1,000. Na panya buku ni mnyama anayejulikana. Mkamba naye, kwa sababu ya ĩvuku yake, hulisikia buku kama kitabu tu, bila ukubwa. Sisi tungelitumia kwa tahadhari. Chuo, lililokuwa neno la heshima la kitabu katika ushairi wa zamani, kama katika Chuo cha Herekali cha mwaka 1728, limekwisha kuhamia majengo. Leo chuo kikuu hakiwezi tena kumaanisha kitabu kikubwa, ingawa maneno yenyewe yangeruhusu.

Kwa hiyo hatuoni haja ya kubuni "tomu" wala ya kulazimisha neno moja. Mfasiri atokaye katika Kifaransa aandike juzuu. Atokaye katika Kiingereza aulize kwanza nia ya msemaji: kama ni heshima, aandike kitabu kikubwa au kitabu kizito cha elimu, kama ni kero au mzaha, jitabu lipo. Na pale ambapo Mwingereza mwenyewe ameacha nia yake gizani, mfasiri achague "kitabu kinene", maana unene hausifu wala haulaumu.