Wavamizi wa Angani Katika Kabati la Seremala

Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa mchezo wa mtambo uitwao Space Invaders, yaani wavamizi watokao angani. Mchezo huo ulitungwa na fundi mmoja, Tomohiro Nishikado, ambaye alibuni picha zake, akaandika programu yake, na hata vifaa vya kufanyia kazi hiyo akaviunda mwenyewe. Mwaka uo huo kampuni ya Midway ikaanza kuutoa nchini Marekani, na makabati yake marefu yakasimamishwa katika baa, mikahawa na majumba ya michezo. Mchezaji alitumbukiza sarafu yake, akasimama wima mbele ya kioo, akailinda dunia kwa mzinga mmoja dhidi ya wavamizi 55 waliomshukia kwa safu tano za kumi na mmoja kumi na mmoja.

Makabati ya asili yamekuwa haba. Mengi yaliharibiwa na unyevu, kwani mbao za makabati ya aina hii mara nyingi zilikuwa za vumbi la miti lililogandamizwa kwa gundi, nazo zikilowa huvimba na kumong'onyoka. Mengine yalitolewa matumbo na wenyewe, yakatiwa mchezo mwingine pale wateja walipochoka na ule wa kwanza. Ndiyo maana wako watu wanaojenga nyumbani kabati jipya lenye umbo lile lile la zamani. Kazi hiyo ni ya heshima kuliko ile ya kununua kabati la asili lililosalia, kung'oa vyombo vyake na kutia kompyuta mpya ndani. Anayefanya hivyo hajengi kitu. Anapunguza kimoja katika vichache vilivyobaki.

Upande wa useremala hauna maajabu. Plaiwudi yenye unene wa milimita 18 yafaa sana, na kwa kuwa ubavu mmoja wa kabati hukaribia futi sita kwenda juu na huzidi futi mbili kwa upana, mbavu mbili haziwezi kukatwa kutoka ubao mmoja wa futi nane kwa nne. Hapana budi kununua mbao tatu hivi. Ubavu wa kwanza huchorwa, hukatwa na kupigwa msasa mpaka mikunjo yake iwe laini. Kisha huo ndio huwa kipimo cha kuchorea wa pili. Mbavu hizo zikitofautiana hata kwa milimita tano, kioo hakitakaa sawa, na kosa hilo halifichwi na rangi. Vijiti vya mbao hupigwa skrubu na gundi upande wa ndani, ili uso wa nje usionyeshe kichwa cha skrubu hata kimoja. Anayekata mbao kwa mashine na azibe pua na mdomo, kwani vumbi lake si chakula cha mapafu. Aidha, kabla ya kukata chochote, upimwe mlango wa chumba. Wako waliomaliza kazi nzuri barazani wakakuta haipiti mlangoni, na milango ya kota za askari haikujengwa kwa kuzingatia makabati ya michezo.

Siri ya kabati la Midway imo katika kioo. Mtu aliyesimama mbele yake aliwaona wavamizi wakielea juu ya mandhari ya mwezi iliyochorwa kwa rangi, kana kwamba wananing'inia hewani. Kwa kweli televisheni ya kabati hilo ilikuwa nyeusi na nyeupe, wala haikumkabili mchezaji: ililazwa chini, uso wake ukielekea juu. Picha yake iliangukia kioo kilichowekwa mshazari, kioo cha namna ya pekee ambacho hurudisha sehemu ya mwanga na kuiachia sehemu nyingine ipite. Nyuma ya kioo hicho ulikuwako ule mchoro wa mwezi, ukimulikwa na taa yake. Jicho la mchezaji likapokea picha mbili kwa pamoja, ya wavamizi iliyorudishwa na ya mwezi iliyopenya, nalo likaziona kuwa moja. Rangi ya wavamizi ilipatikana kwa ujanja mdogo zaidi: vipande vya plastiki ya rangi, cha kijani penye mzinga na ngome, na cha wekundu upande wa juu anakopita yule mgeni wa ghafla ndani ya chombo chake.

Hapo ndipo wajenzi wengi hukata tamaa, wakaweka skrini wima mbele ya mchezaji, na kabati lao likawa sanduku lenye televisheni. Ni hasara, maana jambo lenyewe si gumu. Plastiki ngumu yenye kurudisha nusu ya mwanga huuzwa na wauzaji wa vioo, nayo huwekwa kwa pembe ya digrii 45 juu ya skrini iliyolala. Kwa kuwa kioo hugeuza picha, skrini nayo lazima itoe picha iliyogeuzwa kabla, ili ikifika machoni iwe imenyooka. Programu ya kompyuta hufanya hivyo kwa amri moja. Ndani ya kabati hupakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Taa ya mchoro isizidi nguvu, la sivyo mwezi utawameza wavamizi. Kuipima vizuri kwahitaji chumba chenye giza, subira, na mtu wa pili asimamaye pale atakaposimama mchezaji.

Sasa kuhusu umeme, na hapa neno halipaswi kufichwa. Wapo wapendao kutumia televisheni ya kizamani yenye chupa nene ya kioo, kwa sababu picha yake ndiyo ya asili. Chupa hiyo hufanya kazi kwa maelfu mengi ya volti, na huweza kuishika nguvu hiyo hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Isitoshe, ndani yake hamna hewa. Ikipasuka, vigae vyake huruka kama vya guruneti. Asiyefundishwa kazi ya televisheni asiiguse. Skrini nyembamba za siku hizi zinatosha kabisa kwa nyumba yenye watoto, na ukungu kidogo wa kioo huficha tofauti kubwa. Waya wa umeme uingiao kabatini uwe na fyuzi yake, na kila kipande cha chuma kinachoweza kuguswa kiunganishwe na waya wa ardhini.

Vitufe ni vichache. Katika kabati la Midway hapakuwa na kijiti cha kuongozea: kulikuwa na kitufe cha kwenda kushoto, cha kwenda kulia, na cha kufyatua, pamoja na vya kuanzia mchezo. Kila kimoja kina swichi ndogo chini yake. Waya mmoja huzizunguka swichi zote kwa zamu, na waya mwingine wa peke yake hutoka kwa kila swichi hadi kwenye kibao kidogo cha umeme kinachozungumza na kompyuta. Askari aliyezoea kufungua na kufunga silaha yake kwa utaratibu atafanya kazi hiyo kwa jioni moja.

Kompyuta ndogo iliyo sawa na kiganja yatosha. Mchezo wote wa asili ulikaa katika kilobaiti nane tu, ukiendeshwa na chipu ya Intel 8080. Chipu hiyo ilikuwa na mwendo wa pole, na upole wake ukazaa jambo la ajabu. Kila picha ilipochorwa upya, kadiri ya mara 60 kwa sekunde, mtambo ulimsogeza mvamizi mmoja tu. Walipokuwapo wote 55, zamu ya kuwapitia ilichukua karibu sekunde nzima. Aliposalia mmoja, zamu zote zilikuwa zake, akakimbia kama mwendawazimu. Nishikado aliliona hilo, naye akaliacha kwa kuwa lilimtia mchezaji jasho. Programu ya kuigiza mitambo ya zamani iitwayo MAME, iliyoanzishwa mwaka 1997 na Nicola Salmoria wa Italia, huiga hata upole huo. Lakini MAME ni mwigizaji tu. Mchezo wenyewe ungali mali ya Taito, ambayo tangu mwaka 2005 imo mikononi mwa Square Enix, na yafaa upatikane kwa njia ya halali. Askari polisi hahitaji kuelezwa zaidi.

Mlango wa nyuma utiwe kufuli, na juu yake yatobolewe matundu ya kutoa joto. Kabati lifungwe ukutani, kwa maana mtoto asiyefikia vitufe hupanda. Kuhusu sarafu, kwa kompyuta sarafu ni kitufe kama vingine, hivyo mjenzi aweza kuificha swichi hiyo chini ya meza na kucheza bure. Wengine huacha tundu la sarafu lifanye kazi kweli, na ufunguo wa kisanduku chake ukakaa kwa mama wa nyumba.