Bushi za Springi za Nyuma: Kwa Nini Hulika na Namna ya Kuzibadili

Barabara kuu zinazotoka Dodoma kwenda Morogoro, Singida, Iringa na Babati sasa zina lami. Ile ya Babati ilifunguliwa rasmi mwaka 2018. Lakini mtu aiachapo lami na kuelekea vijijini katika wilaya za Bahi, Chemba au Mpwapwa, hukuta barabara za udongo zilizojikunja mithili ya bati. Hizo ndizo barabara zinazoyachosha magari ya zamani kama Land Rover ya toleo la tatu, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Makala haya yanaeleza sehemu moja ndogo ya gari hilo, yaani bushi za springi za nyuma, ambayo ikipuuzwa huweza kuhatarisha maisha ya abiria.

Kazi ya bushi

Springi ya nyuma ni pleti kadhaa za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine. Ncha yake ya mbele hufungwa kwenye chasisi kwa boliti. Ncha ya nyuma huning'inia kwenye vipande viwili vya chuma vinavyobembea, ili springi ipate nafasi ya kurefuka inapokandamizwa na mzigo. Kila ncha ina tundu liitwalo jicho, na ndani ya jicho mna bushi: mrija wa chuma ndani, mrija mwingine nje, na katikati yake mpira ulioshikamana na mirija yote miwili. Springi inapopanda na kushuka, chuma hakisuguani na chuma. Mpira ndio unaojisokota na kurudi.

Springi hizo hazibebi uzito tu. Ndizo pia zinazoishika ekseli mahali pake. Bushi za upande mmoja zikilegea, na ekseli ikasogea milimita 5 tu, magurudumu ya nyuma hayaelekei tena sawasawa na yale ya mbele. Gari huenda kimshazari, na dereva hulazimika kuupinda usukani ili lifuate njia. Akifunga breki ghafla, ekseli husogea tena na gari huyumba.

Kwa nini hulika upesi

Matuta ya barabara ya udongo huachana kwa kiasi cha nusu mita hadi mita moja. Tuchukue sentimita 70. Katika safari ya kilomita 40, kila gurudumu hugonga matuta zaidi ya mara 57,000, na kila pigo huusokota mpira. Pamoja na hayo kuna vumbi. Udongo wa uwanda wa kati una chembe nyingi za kwatsi, madini yaliyo magumu kuliko chuma cha kawaida. Chembe za namna hiyo ndizo zilizokwangua majembe ya matrekta katika mradi wa karanga wa Kongwa, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Mpira ukishapasuka, vumbi huingia na kuanza kuila mirija na boliti.

Namna ya kubadili

Kwanza, magurudumu ya mbele yawekewe kabari. Gari liinuliwe, na chasisi iegemezwe juu ya vigingi imara vya chuma. Mtu asiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Ekseli nayo itegemezwe kwa jeki nyingine, isije ikavuta bomba la breki.

Pili, boliti zenye umbo la herufi U na boliti za ncha zifunguliwe, na springi itolewe. Bushi kuukuu isukumwe nje kwa mashine ya kukandamiza. Ikikataa, mrija wake wa nje ukatwe kwa msumeno wa chuma, kwa uangalifu, bila kulikwaruza jicho. Haifai kuichoma kwa moto. Chuma cha springi kilipewa nguvu yake kiwandani kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo maalumu. Joto jingine huiharibu nguvu hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo, pleti iliyovunjika isichomelewe, bali ibadilishwe.

Tatu, bushi mpya iingizwe kwa kuusukuma mrija wake wa nje, si mpira. Ni vyema kubadili za pande zote mbili kwa pamoja. Mpira usipakwe oili wala grisi, kwani mafuta huulegeza na kuufanya uvimbe.

Kosa linaloharibu kazi

Springi ikisharudishwa, boliti za ncha zikazwe kwa mkono tu. Kisha gari lishushwe lisimame juu ya magurudumu yake, litikiswe mara chache, ndipo zikazwe kabisa. Ukikaza wakati ekseli inaning'inia, mrija wa ndani hubanwa katika hali hiyo. Gari likishushwa, springi hunyooka na mpira husokotwa hata kabla ya safari kuanza. Matuta yanapoongeza msokoto juu ya msokoto, bushi mpya hupasuka mapema, na mwenye gari hudhani ameuziwa kifaa hafifu.

Baada ya safari ya kwanza katika barabara ya udongo, nati zote zikaguliwe tena, hasa zile za boliti zinazoibana ekseli.