Faida ya Bisi, Hasara ya Midoli

Katika biashara zinazoshutumiwa kwa bei za kukomoa, kaunta ya bisi ndani ya jumba la sinema iko mstari wa mbele, na shutuma hiyo ina msingi wa hesabu. Mwaka 2023 AMC ya Marekani, kampuni kubwa kuliko zote duniani katika kuonyesha filamu, iliuza vyakula na vinywaji vya karibu dola bilioni 1.67. Kuvinunua vyakula na vinywaji hivyo kuliigharimu dola milioni 315 hivi. Maana yake, katika kila dola 100 zilizolipwa kaunta, dola 81 zilibaki kuwa faida ghafi. Mwenye duka la vyakula akisikia kiwango hicho atadhani anadanganywa. Lakini mwaka huohuo kampuni hiyohiyo ilifunga hesabu zake kwa hasara inayokaribia dola milioni 400. Takwimu hizi mbili ni za kweli kwa pamoja, na anayetaka kuelewa jinsi bei zinavyopangwa katika biashara ya burudani hana budi kuanzia hapo, kwa kuuliza faida ya asilimia 81 ilikwenda wapi.

Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye tiketi. Mapato ya tiketi ya AMC mwaka huo yalikuwa karibu dola bilioni 2.7, yaani bilioni nzima zaidi ya mapato ya kaunta. Hata hivyo, karibu nusu yake, kama bilioni 1.3, ilirudi kwa wenye filamu. Baada ya mgawo huo tiketi ziliacha dola bilioni 1.4, nazo bisi, soda na soseji ziliacha bilioni 1.35. Karibu sawasawa! Kutoka kwenye mafungu hayo mawili kampuni ilipaswa kulipa kodi ya pango ya dola milioni 870 hivi, riba ya madeni ya mamia ya milioni, mishahara, umeme na matengenezo ya maelfu ya kumbi. Mgawo wenyewe hupangwa na mwenye filamu, na filamu ikitarajiwa kuvuta umati masharti hukaza. Disney ilipotoa Star Wars: The Last Jedi mwaka 2017, iliyataka majumba ya sinema ya Marekani yaikabidhi asilimia 65 ya mauzo ya tiketi, tena filamu ikae kwenye ukumbi mkubwa zaidi kwa wiki nne. Mwenye jumba hakuwa na pa kukimbilia, kwa sababu watazamaji walikuwa wanaitaka filamu hiyo, si nyingine. Filamu si mali yake. Mali yake ni mlango, viti, na saa mbili za mtu aliyekwisha kuketi gizani.

Hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Bei kubwa haikai penye gharama kubwa. Inakaa mahali ambapo muuzaji ameshika kitu ambacho mteja hawezi kukipata kwa mwingine, na ambapo hakuna wa kugawana naye. Dola moja ikiongezwa kwenye tiketi, senti karibu 50 huondoka. Ikiongezwa kwenye bisi, yote hubaki. Kwa mwenye sinema mwenye akili timamu uamuzi unajifanya wenyewe. Uliwahi pia kufanywa zamani, katika mazingira magumu zaidi. Kabla ya mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930 majumba ya kifahari ya Marekani yaliona bisi ni uchafu wa mitaani unaoharibu mazulia, na wauzaji walisimama nje na mikokoteni yao. Mdororo ulipopunguza watazamaji na kushusha bei za tiketi, walioingiza mashine za bisi ndani walipata pumzi ya kuendelea, na waliobaki na heshima ya mazulia yao wengi wakafunga. Punje za mahindi zilikuwa rahisi, hazikuoza haraka, na harufu yake ilijitangaza yenyewe.

Wapo wanaouliza kwa nini tiketi isipandishwe kidogo na bisi zikashushwa, ili kila mtu ajue anacholipia. Wachumi Ricard Gil na Wesley Hartmann walichunguza mauzo ya mlolongo wa majumba ya sinema nchini Hispania, na utafiti wao ulichapishwa mwaka 2009. Waliona kwamba wanaonunua zaidi kaunta ndio walio tayari pia kulipa zaidi ili waione filamu. Kwa hiyo bei ya bisi inafanya kazi ambayo tiketi haiwezi: inamtoza zaidi mwenye uwezo na hamu kubwa, huku ikimwachia mwenye mfuko mwembamba nafasi ya kuingia kwa bei ya chini, akae kiti kilekile, aone filamu ileile, asinunue hata maji. Tiketi ikipanda, huyu wa pili ndiye wa kwanza kubaki nyumbani. AMC yenyewe ilijaribu njia nyingine Februari 2023, ilipoanza kutoza zaidi kwa viti vya katikati na kupunguza kwa viti vya mbele kabisa. Washindani hawakuifuata, baadhi ya wateja wakahama viti ili wasilipe nyongeza, na Julai mwaka uleule mpango ukafutwa. Watu wanaovumilia soda ya bei mbaya hawakuvumilia kiti cha bei tofauti.

Hoja hii ina tundu, na si haki kuliziba kwa maneno mazuri. Anayenunua zaidi kaunta si tajiri siku zote. Mara nyingi ni mzazi mwenye watoto watatu, ambaye hawezi kuwaeleza wa miaka mitano kwamba harufu ile haiwahusu. Kwake bei ya bisi ni kodi juu ya familia, na wachumi wanaosifia mpango huu wamempita haraka mno. Ndiyo sababu swali la kuruhusu chakula cha nyumbani linarudi kila mara. Nchini India lilifika Mahakama ya Juu, ambayo Januari 2023 iliamua kwamba jumba la sinema ni mali binafsi na mwenyewe anaweza kukataza vyakula kutoka nje, mradi atoe maji safi ya kunywa bure na asimzuie mzazi kuingia na chakula cha mtoto mchanga. Korea Kusini ilikwenda upande mwingine: tangu mamlaka ya ushindani ilipoingilia kati mwaka 2008, kampuni kubwa za sinema zinaruhusu watu kuingia na vyakula vyao, na kaunta za bisi hazikufungwa. Mimi naona njia ya Korea ni bora zaidi. Mteja akiwa na hiari ya kweli, bei ya kaunta inabaki kuwa bei ya uvivu na starehe, na hakuna sababu ya kumhurumia mtu mzima anayelipia starehe yake.

Tukihamia kwenye midoli ya kukusanya, kanuni ileile inaonekana kwa uwazi zaidi, kwa sababu hapa kampuni mbili kubwa zimesimama pande mbili za mstari. Funko ya jimbo la Washington hutengeneza vijisanamu vyenye vichwa vikubwa vya wahusika wa filamu, katuni na michezo. Wahusika hao ni wa Disney, Warner na wengine, na kila kijisanamu kinachouzwa kinadaiwa mrabaha. Mwaka 2022 Funko iliuza bidhaa za zaidi ya dola bilioni 1.3, na faida ghafi yake ilikuwa kama theluthi moja tu. Pop Mart ya Beijing, iliyoanzishwa na Wang Ning mwaka 2010, ilichagua kununua au kukodi kazi za wasanii na kuzijenga yenyewe kuwa wahusika wanaopendwa: kwanza Molly wa Kenny Wong, kisha Labubu wa Kasing Lung. Inauza zaidi kwenye maduka yake, mashine zake na mtandao wake. Mwaka 2024 mapato yake yalifikia yuan bilioni 13, na faida ghafi ikawa karibu asilimia 67. Nusu ya kwanza ya mwaka 2025 ikapita asilimia 70. Plastiki ni ileile, viwanda viko katika nchi zilezile, na mdoli mmoja haumpiti mwenzake sana kwa gharama ya kutengeneza. Kinachotofautisha theluthi na theluthi mbili ni nani mwenye mhusika na nani mwenye duka. Funko iko katika hali ya mwenye sinema anayelipa mgawo wa filamu, ila haina kaunta ya bisi ya kuiokoa.

Lakini asilimia 70 ya midoli haifanani na asilimia 81 ya bisi, na hapa ndipo wawekezaji wengi wanapoteleza. Punje za mahindi zisizouzwa leo zitauzwa kesho, na filamu mbaya haizifanyi zipoteze ladha. Mdoli una msimu, na msimu huo hauko mikononi mwa mtengenezaji. Funko ilimaliza mwaka 2022 ikiwa na mzigo wa zaidi ya dola milioni 246 ghalani. Machi 2023 ikatangaza kwamba itaharibu bidhaa za kati ya dola milioni 30 na 36, kwa sababu gharama ya kuzihifadhi ilizidi thamani yake. Vijisanamu vizima, ambavyo gharama ya kuvitengeneza na nauli ya meli zilikuwa zimekwisha kuingia kwenye hesabu zake! Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyewahi kuagiza mzigo kutoka Guangzhou ukadoda anaelewa habari hii bila kuelezwa: faida ya kile kilichouzwa inaliwa na kile kilichobaki. Kwa hiyo kiwango cha faida ghafi cha midoli, kikisomwa bila kuangalia ghala, hakimwambii mtu lolote la maana.

Ili kuikwepa hatari hiyo watengenezaji hujifunza kuadimisha. Ty Warner aliyeanzisha Beanie Babies mwaka 1993 aliuza wanasesere wake kwa dola 5 hivi kupitia maduka madogo ya zawadi, akaweka kikomo cha idadi ambayo duka lingepata, na mara kwa mara akatangaza kwamba aina fulani haitatengenezwa tena. Bei za mkono wa pili zikapaa, watu wakaweka akiba zao kwenye masanduku ya wanasesere, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 soko likaanguka. Walioumia ni wakusanyaji, si mtengenezaji aliyekwisha kuuza. Mambo kama hayo yalionekana Juni 2025, Labubu mmoja mwenye kimo cha mtu alipouzwa mnadani Beijing kwa yuan milioni 1.08, na siku chache baadaye Pop Mart ikaongeza bidhaa sokoni na bei za walanguzi zikaporomoka. Fedha anazopata mlanguzi haziingii kwenye hesabu za kampuni. Kazi ya bei yake ni kumfanya mnunuzi wa dukani aamini kwamba amepata nafuu.

Wapo wanaosema kwamba hakuna ubaya hapa pia, kwani mtu mzima anayenunua mdoli kwa bei yoyote anajua anachofanya. Ningekubali kama mdoli ungeuzwa waziwazi. Tatizo la midoli ya Pop Mart na waigaji wake ni boksi lililofungwa: mnunuzi hajui amepata mhusika gani mpaka alipie na kufungua, na mhusika wa siri anayetafutwa na wote huenda akapatikana mara 1 katika maboksi 72, au 1 katika 144. Bisi, hata zikiwa ghali, bei yake imebandikwa juu ya kaunta na mtu anapata alichoonyeshwa. Boksi la siri linauza bahati kwa sura ya bidhaa, na wanunuzi wake wengi ni vijana. China, yenye soko kubwa zaidi la maboksi haya, ilitoa mwongozo mwaka 2023 unaokataza kuyauza kwa watoto chini ya miaka 8 na kutaka nafasi za kupata kila mhusika zitangazwe. Nchi nyingine zinazoyapokea maboksi haya zingefanya vyema kuweka sharti hilohilo.

Sasa biashara hizi mbili zimekutana kaunta. Mwaka 2019 AMC iliuza chombo cha bisi chenye umbo la roboti R2-D2 kwa karibu dola 50. Mwanzoni mwa mwaka 2024 ndoo ya Dune: Part Two, yenye mdomo wa mnyoo wa jangwani, iliuzwa kwa karibu dola 25 na kurudi mtandaoni kwa bei za mara kadhaa zaidi, na mwaka 2025 kichwa cha Galactus cha filamu ya Fantastic Four kikafikia dola 80. Wenye sinema wamefurahi, na furaha yao inaeleweka, kwani hatimaye wamepata kitu kinachomtoa nyumbani mtu ambaye angeweza kuisubiri filamu kwenye simu yake. Hata hivyo ndoo hizo zina sura ya mhusika asiye wao, huagizwa miezi kadhaa kabla filamu haijaonekana, na filamu ikianguka haziwezi kutiwa bisi za filamu nyingine zikauzwa kwa bei ileile. Kwa maneno mengine, zimebeba mzigo wa Funko kwenye kaunta iliyozoea usalama wa mahindi. Mwenye sinema anayeziagiza aziweke kwenye hesabu za midoli, si za bisi, na aagize pungufu ya anachotamani kuuza. Ni heri ziishe Jumamosi jioni wateja wakiwa bado kwenye foleni kuliko zibaki stoo filamu ikiwa imekwisha kuondoka ukumbini.