Shilingi Mbili, Jina Moja

Mtu wa Merikit, Uganda, hahitaji ndege ili aende nchi ya nje. Akitoka Tororo na kuvuka mpaka wa Malaba, jioni hiyo hiyo anaweza kulala Bungoma, Kenya. Tangu 2014 kitambulisho cha taifa kinamtosha, baada ya Uganda, Kenya na Rwanda kukubaliana hivyo. Kwa kuwa safari ni fupi, wengi hupanga nauli tu, wakasahau kupanga pesa za kuishi huko mwezi mzima au miwili.

Hadi 1966 pande zote mbili za mpaka zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Mwaka huo kila nchi ikaanza kutoa noti zake, jina likabaki lile lile, na jina hilo ndilo linalowachanganya wageni. Mwenye nyumba wa Kisumu akikuambia kodi ni elfu tano, usiisikie kwa sikio la Uganda.

Mbadilishaji fedha wa mpakani ana bei mbili, ya kununua na ya kuuza, na anapata riziki yake katikati ya hizo mbili. Tuseme anakuuzia shilingi moja ya Kenya kwa 29 za Uganda, na anainunua kwako kwa 28. Ukimpa 580,000 unapata 20,000 za Kenya. Ukirudi na nusu yake, 10,000, anakupa 280,000, nawe ulizinunua kwa 290,000. Elfu kumi za Uganda zimekwenda na hakuna aliyekuibia. Kwa hiyo badilisha za wiki ya kwanza tu, nyingine zifuate kadiri ya mahitaji.

Hesabu ya mkononi nayo ina hatari zake. Ukishahesabu noti zako, usimrudishie mtu bunda "alihakikishe". Likirudi limekunjwa, noti za katikati huenda ni ndogo. Likitoka mkononi mwako, lihesabu upya, noti kwa noti, hata foleni ikinung'unika.

Wapo wanaoona heri kuweka akiba ya pesa za Kenya sandukuni, zisubiri safari ijayo. Nawaomba wakumbuke 2019. Juni 1 mwaka huo Kenya ilitangaza noti mpya, na noti ya zamani ya 1,000 ikakoma Septemba 30. Aliyechelewa kuvuka mpaka alibaki na karatasi.

Simu imepunguza mzigo huu. M-Pesa ilianza Kenya 2007, MTN ikafuata Uganda 2009, na leo pesa zinavuka kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Ila gharama zimejificha mahali patatu: ada ya kutuma, bei ya kubadilishia, na ada ya kutoa kwa wakala, ambako Uganda huongezwa kodi ya asilimia 0.5 ya kiasi unachotoa. Usilinganishe ada peke yake. Uliza swali moja tu: nikituma hizi, mpokeaji atashika ngapi mkononi?

Kabla ya kuondoka, andika kwenye karatasi kodi ya nyumba, chakula, matibabu na nauli, kila kimoja kwa shilingi ya mahali kitakapolipiwa. Zile utakazobeba usiziweke mfuko mmoja. Na nauli ya kutoka mpakani hadi nyumbani iache kwenye laini yako ya Uganda tangu siku ya kwanza, usiiguse.