Halloween ya Wahispania na Makaburi ya Kibanjani

Mwaka jana, usiku wa 31 Oktoba, mshkaji mmoja aliingia rumu kwetu kapaka masizi usoni kama maiti. Wa kitanda cha juu akang'aka: "Mnaabudu mashetani!" Wakabishana hadi saa nane usiku, na kiukweli hakuna aliyejua kitu hicho kimetoka wapi.

Halloween maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote, sikukuu ya 1 Novemba. Waayalandi walikuwa na sherehe yao ya kale ya kufunga mavuno, Samhain. Walipokimbilia Marekani kwa wingi wakati wa njaa ya viazi, miaka ya 1840, wakaenda na desturi zao, na maboga ya kule wakayageuza taa. Filamu zikamalizia kazi.

Wahispania nao wameipokea hivi karibuni tu, kupitia filamu, maduka na masomo ya Kiingereza shuleni. Watoto hugonga milango wakidai pipi, vijana huvaa kimizimu na kujaa mitaani. Wazee hununa, si unajua wazee. Ila kinachonivutia ni kesho yake. Tarehe 1 Novemba nchi nzima hupumzika, familia zinakwenda makaburini kusafisha na kuweka maua. Kuna hata vitamutamu vya lozi vinavyoitwa "mifupa ya mtakatifu", na Catalonia wanachoma njugu za msimu huo, castañas. Yaani kijana anatoka disko na damu ya bandia shingoni, mchana anamsindikiza bibi yake kwenye kaburi la babu.

Sisi wa Kagoma, Muleba, hatuhitaji kusafiri kwenda makaburini. Wafu wetu wamelala kibanjani, kati ya migomba, hatua chache toka mlangoni. Mtoto anapita hapo kwenda kukata ndizi na haogopi. Ndiyo maana kuuza kibanja kwetu ni ugomvi wa ukoo mzima: unauza shamba, au unamuuza babu? Na sisi tuliokwenda mjini, nani atapalilia?

Baba mdogo kanipigia juzi. Kaburi la bibi limeota magugu, na 2 Novemba kuna misa ya Marehemu Wote. Bumu halijatoka. Mshkaji wa masizi, naye Mhaya wa Bukoba, kaniuliza kama nauli ya kwenda na kurudi tunaweza kuchangia, twende wote.