Sura ya Tisa: Mkono Mfupi wa Gia na Barabara Ndefu ya Garsen

Ukikaa muda na gari la spoti la gia za mkono, haikosi siku utaletewa habari za mkono mfupi: kipuri kinachofanya gia iingie kwa mwendo mdogo wa kiganja. Wauzaji wake hutoa ahadi tatu. Gia zitaingia upesi, gari litaongeza kasi, na dereva atazihisi gia mkononi kama hajawahi kuzihisi. Sura hii inazipima ahadi hizo kwenye barabara ya kutoka Malindi kwenda Garsen, katika kaunti ya Tana River, kwa kuwa barabara hiyo haioni haya kufichua kipuri dhaifu. Jibu naliweka mapema: pesa ya kwanza iende kuondoa ulegevu, urefu wa mkono ungoje zamu yake.

Hesabu ya wenzo

Mkono wa gia ni wenzo. Juu yupo dereva na kiganja chake, chini ipo ncha inayosukuma fito au kebo za kwenda kwenye giaboksi, na katikati lipo egemeo. Chukua mkono wa sentimita 25, wenye sentimita 20 juu ya egemeo na 5 chini yake. Ncha ya chini ikihitaji kusogea sentimita 3 ndipo gia iingie, kiganja kitasogea sentimita 12. Sasa liinue egemeo sentimita 1.25. Juu zinabaki 18.75, chini zinakuwa 6.25, na uwiano unashuka kutoka nne kwa moja hadi tatu kwa moja. Kiganja kitasogea sentimita 9 tu. Robo ya mwendo imekwisha.

Wenzo, hata hivyo, hautoi kitu bure. Gia iliyokuwa ikiingia kwa nguvu ya kilo 3 sasa itadai kilo 4. Ulichookoa kwenye masafa unakilipa kwenye msuli, na malipo hayo hayafanyiwi barabarani mara moja kwa wiki. Ni kila unapokanyaga klachi.

Ndani ya giaboksi napo kuna mwenye neno. Kabla gia haijashika, pete za shaba ziitwazo sinkronaiza hujisugua kwenye koni ya chuma ili mihimili miwili inayozunguka kwa kasi tofauti ifikie kasi moja. Kazi hiyo huchukua muda wake, na pete hazijui kama mkono wako ni mfupi au mrefu. Ukiharakisha kuliko zinavyoweza, utasikia gia zikisaga. Ukifanya hivyo kila siku pete zitalika, na siku hiyo bei ya mkono mfupi itaonekana ndogo sana mbele ya bei ya kushusha giaboksi.

Kuna na hatari ya njia kukaribiana. Egemeo likipanda, mwendo wa kushoto na kulia nao hupungua, kwa hiyo gia ya pili na ya nne huwa jirani zaidi. Dereva aliye kwenye gia ya tano kwa kilomita 100 kwa saa, akitaka ya nne na kuangukia ya pili, anaweza kuilazimisha injini kuzunguka kasi ambayo haikutengenezewa. Vali zinaweza kugonga pistoni, na safari ikaishia hapo.

Sekunde zinazookolewa

Ahadi ya kasi ndiyo dhaifu kuliko zote. Tuchukulie, kwa ukarimu, kwamba mkono mfupi unaokoa sehemu tano za mia za sekunde kila unapobadilisha gia. Ukibadilisha mara 100 kati ya Malindi na Garsen umeokoa sekunde 5. Sehemu kubwa ya njia hiyo ni lami iliyonyooka, ambapo gari huingia gia ya mwisho na kutulia humo. Gia hufanya kazi kwenye matuta ya vituo vya njiani, kwenye vizuizi vya polisi, na pale ng'ombe wa Waorma wanapokata barabara kufuata malisho au maji. Sekunde zako 5 zitaishia nyuma ya mkia wa ng'ombe wa kwanza.

Hata kwenye mashindano, udongo wa Afrika Mashariki haukuwa wa kuhesabu vipande vya sekunde. Datsun 240Z, gari la spoti lisilo na utata, lilishinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973. Mwaka huo wa 1973 Shekhar Mehta na Harry Källström walimaliza wakiwa sawa kwa pointi za adhabu, na Mehta akapewa ushindi kwa kanuni ya kuwatenganisha waliolingana. Adhabu hizo zilihesabiwa kwa dakika. Aliyeshinda Safari ni yule ambaye gari lake lilifika likiwa bado linaendesheka.

Ulegevu uko wapi

Kinachomfanya dereva auchukie mkono wake wa gia mara nyingi si urefu. Ni kuchezacheza: gia imeingia lakini mkono unayumba, au unatafuta ya tatu kwa kubahatisha. Chanzo cha kawaida ni bushi, vile vipande vya mpira au plastiki kwenye viungo vya fito.

Kenya huruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yasiyozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo Subaru Impreza ya mwaka 2005 inayopita Garsen leo iliingia nchini zaidi ya miaka kumi iliyopita, na kama bushi zake hazijabadilishwa, mpira wake una umri wa gari. Joto la Tana River huukausha na vumbi huusaga. Kisha huja maji. Karibu na Garsen barabara hugawanyika, moja ikielekea Hola na Garissa, nyingine ikivuka mto Tana kuelekea Witu na Lamu. Mvua za El Niño za Novemba 2023 zilipoufurisha mto, barabara ya Lamu ilikatika eneo la Gamba, na abiria wakavushwa kwa boti. Gari la spoti lililoinuka kiganja kimoja kutoka ardhini halihitaji mafuriko ya namna hiyo. Dimbwi moja refu linatosha kupeleka tope jeusi la delta kwenye kila kiungo kilicho chini ya sakafu.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Zima injini, weka gia ya tatu, na utikise mkono kushoto na kulia kwa vidole viwili. Fundi alale chini ya gari aangalie fito wakati wewe unatikisa. Kichwa cha gia kikisogea na fito haijasogea, ulegevu uko juu, kwenye egemeo. Fito ikisogea na shina linaloingia kwenye giaboksi limetulia, bushi ya kiungo imekwisha. Kama vyote viko imara lakini mkono unaruka mbele na nyuma unapokanyaga na kuachia mafuta, angalia mpira wa kushikia injini na giaboksi. Kwenye Impreza kuna kishikio kifupi kati ya giaboksi na ukuta wa nyuma ya injini, na mpira wake ukichoka injini nzima huyumba na kuuvuta mkono wa gia pamoja nayo. Kwenye Mazda MX-5, ambako mkono umekaa moja kwa moja juu ya giaboksi, mtuhumiwa wa kwanza ni kikombe kidogo cha plastiki kwenye ncha ya chini.

Baada ya bushi, angalia oili. Giaboksi iliyomeza maji hutoa oili ya rangi ya chai ya maziwa, na hiyo haistahili kungojea hata safari moja zaidi. Usinunue oili kwa kusikia. Oili nyingi za daraja la GL-5 zina viungo vinavyoweza kuidhuru shaba ya sinkronaiza, ndiyo maana giaboksi nyingi huagiza GL-4. Lakini giaboksi ya Impreza hubeba na difu ya mbele ndani ya kasha moja, na Subaru wenyewe huagiza GL-5. Kitabu cha gari ndicho mwamuzi.

Ni nani anunue

Ukishamaliza hayo, endesha gari wiki kadhaa kabla ya kufikiria mkono mfupi. Wengi wataona hamu imekwisha, kwa sababu walichokuwa wakikitafuta kilikuwa gia inayoingia mahali pake bila kubabaisha. Ukiwa bado unautaka, nunua uliotengenezwa kwa ajili ya gari lako, wenye kupunguza mwendo kwa robo hivi. Usikubali fundi aukate mkono wa zamani na kuuchomelea. Mikono mingi ina mpira ndani wa kuzuia mtetemo, na moto wa kuchomelea huuyeyusha. Bushi ngumu za chuma au plastiki nzito nazo zina gharama yake: kila mngurumo wa giaboksi utaufikia mkono wako kutoka Malindi hadi Lamu.

Kichwa kizito cha gia ni nafuu zaidi, na uzito wake husaidia kuusukuma mkono upite pale unapokwama. Chagua kilichovikwa ngozi. Chuma kitupu kilichoachwa juani Garsen saa saba mchana hakishikiki.

Kwa mwenye gari la spoti Tana River, basi, mkono mfupi ni raha ya mwisho kwenye orodha, na si dhambi kulipia raha ukishajua ni raha. Ila anayeufunga juu ya bushi zilizokufa amenunua ulegevu uleule kwa bei mpya, na sasa anausukuma kwa nguvu zaidi.