Zone yenye walinzi, na wale wanaoingia usiku

Kuna kitabu kimoja cha Warusi chenye kila mutu wa mugodi angepaswa kukisoma, hata kama habari yake si ya mugodi. Kiliandikwa na wandugu wawili, Arkadi na Boris Strougatski, kikatoka mwaka 1972. Kwa Kifaransa kinaitwa Stalker. Mwaka 1979 Andreï Tarkovski alikifanyia filme ya jina lile lile.

Habari yenyewe ni hii. Wageni kutoka mbali, huko kwenye nyota, walifika duniani, wakakaa kidogo, wakaenda zao bila kusemesha mutu. Fasi sita walizopitia zikaitwa Zone. Mwenye elimu mumoja katika kitabu anasema labda walikuwa sawa na watu waliosimamisha gari kando ya barabara, wakakula, wakaacha takataka zao kwenye majani. Kisha wao kwenda, wadudu wa pori wanatoka kuchungulia. Wadudu wenyewe ni sisi.

Serikali ikazungusha Zone ukuta na waya, ikaweka basoda wenye bunduki. Wenye elimu wanaingia muchana, na karatasi. Usiku wanaingia stalker: watu wa muji ule ule, wanapita chini ya waya, wanachukua vitu vya wale wageni, wanauza kwa siri.

Na ni vitu gani? Kimoja ni visahani viwili vya shaba. Katikati yao hamuna kitu, hewa tupu, lakini huwezi kuvikutanisha wala kuvitenganisha. Kingine ni betri isiyoisha nguvu, yenye kuendesha magari. Shaba na betri, wandugu! Wale Warusi hawakuwaza Kolwezi wala Likasi wakati walipoandika, lakini sisi tukisoma tunajiona.

Stalker mwenye tunafuata anaitwa Redrick Schuhart. Hana mashine ya kupima hatari. Anatupa ekru mbele yake, moja kisha ingine, na kuangalia namna inaanguka. Ikivutwa chini kwa nguvu, anajua pale mutu atapondwa, anazunguka. Muzee wa mugodi anayegonga mwamba juu ya kichwa na kusikiliza sauti yake mbele ya kuingia, ile kazi anaijua.

Lakini ekru haionyeshi yote. Rafiki ya Redrick, mwenye elimu, mutu muzuri, aligusa kwa mugongo kitu sawa utando wa buibui. Akatoka Zone muzima, akakufa siku ile ile. Mwingine, muzee Burbridge, alikanyaga maji mabaya ya kule, mifupa ya miguu ikalegea sawa mupira, wakamukata. Na mutoto wa Redrick alizaliwa na manyoya mwili muzima, na kila mwaka anasahau maneno. Yeye hakuingia Zone hata siku moja. Baba yake ndiye aliyeingia.

Hapa ndipo nataka tusimame. Katika kitabu kizima, wanunuzi hawapotezi hata kidole. Wanakaa nje na makuta, wanangojea. Risasi ni ya stalker, gereza ni ya stalker, mutoto mugonjwa ni wa stalker. Na mubaya zaidi ni Burbridge, mwenye ni stalker yeye mwenyewe: alizoea kupeleka vijana mbele ili hatari iwakamate wao, yeye apite. Kwa mwisho Redrick naye anafanya vile vile na kijana wa Burbridge, juu ya kufikia kitu kimoja kinachosemwa kinatimiza kila ombi. Alipokifikia, mukono ukiwa na damu ya mutoto wa mwingine, hakujua tena aombe nini, paka heri ya watu wote.

Ukuta haukuzuia mutu yeyote. Sisi tunalijua lile somo kwa jina: Shinkolobwe, kulikotoka uranium ya bomu ya Hiroshima. Januari 2004 Rais alitia sahihi ya kufunga ile fasi. Mwezi wa saba wa mwaka ule, shimo likaanguka na kuua wachimbaji waliokuwa mule. Karatasi ilikuwa tayari, lakini njaa haisomi karatasi.

Wengine wanasema: ongezeni walinzi. Wengine: fungueni waya, kila mutu ajitafutie. Kitabu kinaonyesha zote mbili zinamuacha mutu peke yake gizani na ekru mukononi. Code minier ya 2002, iliyobadilishwa 2018, inataka muchimbaji wa mukono awe na karte, awe mu coopérative, na achimbe katika fasi zilizotengwa. Ni vizuri, kama ile fasi iko karibu na ina madini yenye mukono unaweza kufikia. Bila hiyo, sheria inakuwa waya ingine tu.

Kwa hiyo sendika iombe fasi ya kweli, na bei inayopimwa mbele ya macho ya mwenye gunia. Na sisi wazazi tuombe kwetu wenyewe jambo moja: asiwepo kijana wa kutumwa mbele kwenye shimo lenye mukubwa anaogopa kuingia.